Mafundo ya Ijumaa

Kwetu kitu kidogo hakipewi mkononi. Kitu kikubwa ndiyo, kinatolewa mbele ya watu: mbuzi, ndoo ya mawese, kitenge kipya. Lakini kitu kidogo, cha mapenzi tu, kinafungwa kwenye ncha ya nguo yako ikiwa imeanikwa. Unakuja kuanua, unakuta fundo ambalo hukulifunga wewe. Unafungua. Ndani ziko karanga tano za kukaanga, au kipande cha ubani, au kifungo kizuri cha shati. Huulizi nani. Husemi asante. Unakula karanga zako unanyamaza, basi.

Mama yangu alivuka ziwa na desturi hii kutoka upande wa Kongo alipokuja kuolewa hapa Rumonge. Majirani hawana. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini hatusemi asante, akanijibu kwamba ukimshukuru mtu atajiona analazimika kufunga tena, na mtu anayefunga kwa kulazimika afadhali asifunge. Nilielewa nusu. Ile nusu nyingine nimeielewa uzeeni, tena kwa aibu, na ndiyo ninayotaka kuiandika. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa asome kwingine.

Mimi ni mke mkubwa. Mume wetu, Mungu amrehemu, alikuwa anashona nyavu na kuziba mitumbwi. Alikuwa na nyumba mbili. Yangu iko huku juu kwenye mtaa wetu wa Waswahili, ng'ambo ya barabara kubwa. Ya mke mdogo ilikuwa chini kabisa, karibu na maji, mahali wanapoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Alitugawia siku sawa na nguo sawa. Akinunua kitenge ananunua viwili, rangi moja, picha moja, ili asisikie maneno. Wanaume wetu wengi wanafanya hivyo na wanadhani ni haki. Haki yenyewe ilikuwa kwamba nikialikwa harusini lazima kwanza nitume mtu akachungulie kama yule mwingine hakuvaa nguo yangu. Mara mbili tulikutana tumefanana kama viti vya kukodi. Mara zote mbili nilirudi nyumbani kabla ya pilau.

Kitenge cha mwisho alichotununulia kilikuwa cha bluu, chenye ndege wa njano. Alifariki miezi michache baadaye. Changu nilikivaa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto.

Mjukuu wangu alikiita "kitenge ya babu". Huyu ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, nikamchukua nikamlea mimi. Sijui kubembeleza. Alipostahili fimbo alipata fimbo, na alipostahili kusifiwa nilimwambia "si vibaya". Lakini nilimfungia. Kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kwenye mkanda wa gauni la shule, popote penye nafasi ya fundo. Hakuuliza hata siku moja. Alipofika miaka saba hivi nikaenda kuanua nguo zangu nikakuta fundo, limefungwa vibaya, limekaa kama kidonda. Ndani lilikuwa jino lake la mbele lililong'oka asubuhi ile. Ninalo mpaka leo. Siku iliyofuata nilimkalisha chini nikamfundisha kufunga sawasawa, bila kusema kwa nini: unazungusha mara mbili, unakaza, halafu ncha unairudisha ndani isionekane.

Sasa ni mwanamke. Ananunua ndagala kule Magara, anakausha, anawauzia wafanyabiashara wanaopeleka mjini. Amepanga chumba hukohuko. Kila Ijumaa alikuwa anakuja na pikipiki, anapitia nyuma ya nyumba kunawa, anaingia kula na mimi, halafu baada ya alasiri anarudi. Akishaondoka mimi naenda kwenye kamba, na kwenye ncha ya kile kitenge cha bluu nakuta fundo. Nikawa nakifua kila Ijumaa hata kikiwa safi. Jirani aliniuliza kama nina ugonjwa wa kufua.

Halafu ziwa likapanda.

Watu wa mbali wanadhani maji yalikuja siku moja kwa kishindo. Hapana. Yalikuja polepole kama mgeni asiyeaga. Leo yako kwenye mchanga, mwezi ujao yako kwenye ukuta wa choo, baadaye unaamka unakuta kata zinaelea jikoni. Nyumba ya mke mdogo ilikaa ndani ya maji mpaka ukuta wa matofali ukalainika ukalala. Hana mtu hapa. Mtoto wake mmoja wa kiume alienda Kigoma zamani, haleti habari. Wazee wa msikiti wakanijia watatu, wakakaa, wakakohoa, wakaniambia nina chumba cha nyuma kisicho na mtu. Ningesema nini mbele ya ndevu tatu? Nikasema aje.

Alikuja na godoro juu ya baiskeli ya kukodi, sufuria mbili, na furushi. Akanisalimia, "Amahoro, yaya." Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, tangu alipoolewa. Sijawahi kumruhusu wala kumkataza.

Kesho yake akafua alivyookoa. Nikatoka nje nikakuta kwenye kamba yangu vitenge viwili vya bluu vyenye ndege wa njano, cha kwake na cha kwangu, bega kwa bega. Jirani alikuwa anapita na beseni la mihogo kichwani. Akasimama.

"Ehe! Mapacha!" akasema. "Mzee amekufa lakini bado anawavisha sare."

Akacheka mpaka mihogo ikatikisika. Yule mke mdogo naye akacheka. Mimi nikaenda kwenye kamba, nikaanua changu kikiwa bado kinatiririka maji, nikakikausha ndani juu ya mlango, halafu nikakitia chini kabisa ya sanduku pamoja na vidonge vya kufukuza mende. Kuanzia siku ile nikavaa cha kijani.

Ijumaa iliyofuata mjukuu wangu akaja, akala, akaenda. Nikatoka. Kitenge changu cha kijani hakikuwa na kitu. Nikasema amechoka, barabara ya Magara ina vumbi. Ijumaa ya pili, hakuna. Nikakigeuza upande wa pili, nikakagua ncha zote nne kama mtu anayetafuta chawa. Hakuna.

Ijumaa ya tatu nikamwona mke mdogo amesimama pale kwenye kamba. Ameshika ncha ya kitenge chake cha bluu, anahangaika nayo kwa kucha. Fundo likafunguka. Akatia kitu mdomoni, akafumba macho, akasimama hivyo anamumunya huku jua likimpiga usoni. Alipoondoka nikaenda nikaangalia ile ncha. Mikunjo ilikuwa bado ipo. Imezungushwa mara mbili, na ncha ilirudishwa ndani. Nilijua ni mkono wa nani. Niliufundisha mimi.

Wivu wa mume niliuzoea. Ule una ratiba yake, siku hizi ni zangu, siku zile ni zake, na siku zako zikifika unapumzika. Huu haukuwa na siku. Uliamka na mimi, ukanisaidia kupepeta mchele, ukakaa na mimi kwenye mkeka wa kusalia. Nilimlisha mtoto yule kwa kijiko. Nilimtoa funza. Na sasa mwanamke aliyekuja juzi na godoro la maji anapata peremende nyuma ya nyumba yangu, kwenye kamba yangu, na mimi nakula vumbi.

Na muda haukuwepo. Mjukuu wangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kabezi, na harusi ilikuwa imewekwa baada ya wiki chache tu. Akienda Kabezi hatakuja tena kila Ijumaa. Nilitaka kujua kabla hajaondoka kama katika moyo wa mtoto yule bado nina mahali, au nimehamishwa kama yule alivyohamishwa na maji. Kuuliza siwezi. Mama yangu alikataza kuuliza, na hata asingekataza nisingeuliza.

Badala ya kuuliza nikawa mbaya. Ijumaa ile ya nne nilipika samaki wa mukeke kwa nyanya na mawese, na kichwa cha samaki, ambacho ni chake tangu utotoni, nikakipeleka kwenye sahani yangu.

"Nyanya, mbona leo umenipa mukia?"

"Mkia nao ni samaki."

"Uko na hasira na mimi?"

"Hasira ya nini? Wewe kula."

"Ni mambo ya Kabezi," akasema, anachekea sahani. "Nyanya anaichukia Kabezi."

"Kabezi imenifanya nini? Napita pale na basi dogo, sijawahi hata kushuka."

Akacheka. Mke mdogo akapita mlangoni amevaa baibui lake la Ijumaa, akasema, "Karibu mutoto wetu." Mutoto wetu! Nikatafuna mfupa mpaka ukavunjika.

Na yule mke mdogo naye alikuwa amebadilika. Nilikuwa naamka nakuta bidoni zangu zimejaa maji ya bomba, na bomba liko mbali, chini ya mteremko. Nakuta kandambili zangu zimesuguliwa, zimeegemezwa ukutani. Ndagala zangu zimetolewa mchanga. Nikasema ananifanyia maonyesho, anataka mtaa useme yeye ndiye mwema. Asubuhi moja alinikuta nafagia, akasimama na mikono yake nyuma.

"Yaya," akasema, "mimi siongei. Lakini naona."

"Ona," nikamjibu, nikamfagilia vumbi miguuni.

Nilidhani ananiambia ameona mtoto wangu amehamia kwake.

Ijumaa ya tano niliiba.

Naiandika kama ilivyo. Mjukuu wangu alikuwa amekula na kwenda, mke mdogo alikuwa bado kwa jirani akipeleka pole. Nikaenda kwenye kamba mchana kweupe. Fundo lilikuwepo kwenye kile kitenge chake cha bluu. Nikalifungua. Niligeukageuka kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya wenyewe. Ndani ilikuwa kamba nyeusi, nyembamba, ya kuvaa shingoni, yenye vitanzi viwili vidogo vya mpira mwishoni. Ni kamba ya kushikilia miwani isianguke.

Mimi ndiye mwenye miwani katika nyumba hii. Kijiti chake kimoja kimevunjika, nimefunga uzi nauzungusha kwenye sikio, na imeshaanguka mara mbili ndani ya mchuzi. Mke mdogo hana miwani, anaona mtumbwi ukiwa bado upande wa Kongo. Mtu mwenye akili angeiangalia ile kamba, angejiangalia, angeelewa. Mimi nilisema: kumbe! Anaanza na kamba, wiki ijayo atamnunulia na miwani yenyewe, yule asiyeihitaji, na mimi mwenye uzi sikioni hanioni. Nikaitia kwenye kopo la mchele, chini kabisa, nikafunika.

Wiki nzima nilipika mihogo. Sikutaka kufungua kopo.

Ijumaa ya sita nilipika samaki tena, kichwa nikajiwekea tena mimi, na mjukuu wangu akakaa mbele yangu, akaniangalia usoni muda mrefu. Hakugusa chakula.

"Nyanya, lineti yako bado iko na uzi."

"Uzi wa miwani una ubaya gani?"

Nikaona anasogeza sahani pembeni. Halafu akafanya kitu ambacho hatujawahi kufanya katika ukoo wetu.

"Nyanya, unisamehe. Najua hatuulizi. Ile kamba haikukupendeza?"

"Kamba gani?"

"Ya Ijumaa ile. Nyeusi. Niliizungukia mujini soko nzima mpaka miguu ikauma."

Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi uongo haunitoki vizuri. "Iko kwenye kopo la mchele," nikasema. "Niliiiba. Ulimfungia yeye."

"Yeye nani?"

Nikaonyesha kwa kidevu upande wa chumba cha nyuma.

"Nyanya! Mimi nimufungie bibi mudogo kamba ya lineti? Ya kushika nini, pua?"

"Na peremende? Nimemwona kwa macho yangu haya anamumunya."

"Nimekufungia wewe! Kwenye kitenge ya babu, kama siku zote. Kila Ijumaa naikuta pale pale kwenye kamba." Akasimama kwenye mlango wa nyuma, akanyoosha kidole. "Si ile pale?"

Nikaenda kwenye sanduku, nikatoa mashuka, nikatoa sanda yangu niliyojiwekea, nikafika chini, nikatoa changu. Kilikuwa kinanuka dawa ya mende. Nikakiweka mapajani mwake.

Akakiangalia. Akaangalia nje. Akarudi kukiangalia. Hakujua kama viko viwili. Babu yake aliponunua alikuwa bado mdogo wa kuangalia mambo ya wake wenza, na mke mdogo siku za Ijumaa alikuwa anavaa baibui, hakumwona hata mara moja amekivaa cha bluu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, kitenge kimemfunika uso. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Sasa ulikificha kwa nini?"

"Ili tusifanane."

"Basi Nyanya umejiibia mwenyewe, tangu maji ilipopanda mpaka leo." Akafuta macho. "Ngoja nimuambie bibi mudogo. Mambo yaishe."

"Kaa chini," nikasema. "Nitamwambia mimi. Mafundo ni yangu."

Nilitaka kusema kwa mdomo wangu. Sitaficha: nilikuwa na furaha, na haikuwa furaha nzuri. Nilienda nyuma ya nyumba nikiwa na sentensi tayari kinywani. Yale yote uliyokula ni ya mjukuu wangu, alinipa mimi, wewe hakuna mtu aliyekufungia kitu. Nilikuwa nimeipanga njiani, na njia yenyewe ni hatua kumi.

Mke mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Aliponiona akaweka kisu chini haraka, akajifuta mikono, kama alikuwa ananisubiri.

"Yaya, kaa."

"Sikai."

"Basi nisimame mimi." Akasimama. Ni mfupi kuliko ninavyomkumbuka. "Yaya, nataka nikuulize, na najua haiulizwi. Ijumaa iliyopita nilikuta ncha imekunjana lakini iko bure. Nikasema, yaya alifunga, halafu alijuta, akafungua. Nimekukosea nini?"

Sentensi yangu ikakwama.

"Mimi nilijua tangu fundo la kwanza," akaendelea. "Mume wetu alinieleza zamani. Ile wiki alinioa alikuja kwangu na karafuu kwenye ncha ya msuli. Nikadhani ni dawa ya kuniroga, nikataka kuitupa chooni. Akaniambia, acha, huo ni mukono wa mukubwa, haufungi kwa mutu hivi hivi. Kwa hiyo nilipoona fundo kwenye kitenge yangu, nikalia. Nikasema, yaya amenikubali. Sikusema murakoze, wala asante. Nilijua haisemwi. Nikawa najaza maji tu."

Zile karafuu nazikumbuka. Nilizifunga kwenye msuli wake asubuhi ya siku alipokwenda kwa mke mpya, ili ninukie mimi ndani ya nyumba yake. Ilikuwa vita. Kumbe yule mzee aliichukua akaenda kuieleza kama mapenzi.

Mke mdogo akaingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akalifungua akanionyesha, kama mtoto anayeonyesha daftari. Karanga alizisaga kwenye mboga. Vilivyobaki vilikuwa humo: kifungo cheupe kinachong'aa, sindano nene iliyochomekwa kwenye kitambaa, na peremende mbili za limau bado kwenye karatasi zake.

Nilivitazama vitu vyangu. Sindano nene ile nilikuwa nimeitafuta mtaa mzima, na mjukuu wangu alinisikia nikilalamika. Kifungo kile kingekaa kwenye gauni langu la Idi, lile lililopungua kimoja. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimechaguliwa na mtu anayejua ninachokosa. Nilipata jibu la swali langu, liko kwenye kopo la mtu mwingine, na lazima nisimame nilitazame bila kuligusa.

"Ile ya Ijumaa iliyopita," nikasema. "Niliona ni kitu kibaya. Nikakiondoa."

"Hata kibaya ningekichukua, yaya."

"Menya mihogo," nikamwambia. "Jua linakwenda."

Nikarudi ndani. Mjukuu wangu alikuwa amekaa vilevile na kitenge mapajani.

"Umemuambia?"

"Chakula kinapoa."

Aliniangalia, akainamisha kichwa juu ya sahani, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Nikachukua kile kichwa cha samaki nikakirudisha kwake. Halafu nikamimina mchele wote kwenye beseni mpaka nikafika kwenye kamba yangu, nikaipangusa, akanivalisha yeye. Mikono yake ilikuwa inanuka ndagala. Nilimwambia si vibaya.

Nisingependa mtu aseme nilimhurumia yule mwanamke. Siku ile nilimwonea wivu kuliko siku zote. Alikuwa amepata kitu ambacho sikumpa, akakipokea vizuri kuliko ninavyopokea mimi vyangu. Mimi niliyejua desturi tangu tumboni nilikuwa nakagua ncha za nguo kama askari wa forodha. Yeye alikuta karanga, akalia, akaenda bombani.

Zile Ijumaa zilizobaki nilianika cha bluu changu, nimekishona uzi mwekundu kwenye ncha ili asikosee tena. Mafundo yakarudi kwangu. Mke mdogo hakukuta kitu, na hakuuliza tena. Bidoni ziliendelea kujaa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningependa aache, nimwone alivyo.

Harusi ikapita. Mjukuu wangu akaenda Kabezi na masanduku mawili na jiko, akilia na kucheka. Alipokwisha kuondoka nikaenda kwenye kamba, nikakuta fundo la mwisho kwenye uzi mwekundu. Ndani zilikuwa tende mbili.

Moja nikaila palepale. Ya pili nikaishika. Kwa nini mbili? Mtoto yule huwa hafungi mbili. Karanga anafunga tano, peremende tatu, lakini kitu kizito kama tende anafunga kimoja. Nikaitia kwenye kikombe juu ya kabati, nikaifunika kwa kisahani, nikakaa nayo wiki nzima. Kila nikipita naifunua. Mara mbili niliitia mdomoni nikaitoa.

Ijumaa iliyofuata hapakuja pikipiki. Mchana ulikuwa mrefu. Nje vilining'inia vitenge viwili vya bluu, ndege wote wa njano wanatazama upande mmoja, na jirani akapita, akafungua mdomo, akaniona, akaufunga. Kutoka dirishani nikamwona mke mdogo anakuja kwenye kamba. Akaishika ncha ya kitenge chake kana kwamba anaangalia kama kimekauka. Kilikuwa kimekauka tangu asubuhi. Akapitisha vidole mpaka mwisho, akaiacha, akaenda kuchukua bidoni, akateremka bombani.

Nikachukua kikombe. Nikatoka. Nilimtukana kidogo, kimoyomoyo, yeye na mume wetu na ziwa. Tende ilikuwa imeanza kukauka, nikaipangusa kwa nguo yangu. Nikaiweka kwenye ncha ya kitenge chake, nikazungusha mara mbili, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikavuta kwa meno, halafu ncha nikairudisha ndani.

Yeye meno ya mbele hana. Nikakaa mlangoni na miwani yangu imefungwa vizuri shingoni, nikamsubiri apande mteremko na maji. Alitua bidoni. Aliliona. Alihangaika nalo mpaka adhana ya alasiri, anatumia kucha, anatumia ufizi, mara mbili akageuka kuniangalia, na mimi nikaangalia barabarani. Sikumsaidia.